Pombe ya Siku Tatu na Mmea Uitwao Hopsi



Vijana wa Kaliua hutuuliza mara nyingi sisi walimu swali hili: Kwa nini bia ya chupa hukaa dukani miezi mingi pasipo kuharibika, na pombe ya mtama iliyopikwa na bibi zetu huchachuka ikaharibika siku ya tatu? Nao hujijibu upesi, wakisema ya kuwa Wazungu walikuwa na akili, na wazee wetu hawakuwa nazo. Jibu hilo si la kweli, tena latufanya tusahau jambo kubwa katika habari za nchi yetu. Kwa hiyo twataka kueleza habari za pombe ya Unyamwezi, na habari za mmea mmoja wa Ulaya uitwao hopsi, ambao ndio uliozitenga pombe hizi mbili. Hatuandiki ili kumsifu mlevi, wala hatuandiki ili kumkaripia mama apikaye. Twaandika kwa kuwa kuna kitu kipoteacho katika vijiji vyetu, na watu hawajui kimepotelea wapi.

Unyamwezi ni nchi ya nafaka tangu kale. Kabla mahindi hayajaenea sana, wazee walilima mtama, uwele na ulezi. Tena katika misitu ya miyombo walipata asali nyingi, wakaifanyia kinywaji kiitwacho wanzuki. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita Tabora, nayo ilinunua chakula kwa wenyeji njiani. Mwingereza Richard Burton alifika Tabora pamoja na mwenziwe Speke mwezi wa Novemba mwaka 1857, na katika kitabu cha safari yake, kilichopigwa chapa mwaka 1860, alieleza jinsi alivyoona pombe ikipikwa. Aliona ya kuwa sehemu ya nafaka huchipushwa kwanza, kisha huchanganywa na unga wa nafaka isiyochipua, hupikwa katika vyungu vikubwa, na huchujwa. Akaongeza ya kwamba ikipita siku ya tatu huwa kali kama siki.

Mama yeyote wa Kaliua aijuaye kazi hii atasema ya kuwa yule mgeni alitazama vizuri. Mtama hulowekwa siku moja au mbili, kisha hufunikwa kwa majani mahali penye joto hata utoe vichipukizi. Ukiisha kuchipua huanikwa juani ukauke kabisa, halafu husagwa, na unga wake ndio uitwao kimea. Mpishi hupika uji mzito wa unga wa kawaida, huuacha upoe, kisha hutia kimea ndani yake. Hapo uji ule mzito huwa mwepesi, nao huwa mtamu, kwa maana katika kimea mna nguvu igeuzayo unga kuwa sukari. Baadaye hamira, iliyomo katika kimea chenyewe na katika vyombo vya kupikia, huugeuza utamu ule kuwa ulevi. Kazi yote, tangu kuloweka hata kuchuja, huchukua juma moja au hata siku 10.

Sasa twaona akili ya wazee wetu. Mtu awezaye kugeuza nafaka ngumu kuwa tamu bila kutia sukari, na kuhesabu siku zake hata asikose, si mjinga. Lakini wapo viumbe wengine wadogo mno, wasioonekana kwa macho, waingiao ndani ya pombe pamoja na hamira, na kazi yao ni kutia uchungu wa siki. Siku ya kwanza hawajapata nguvu. Siku ya pili wameongezeka. Siku ya tatu wameshinda. Mithali yasema mgeni akae siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Pombe ya mtama nayo ilikuwa mgeni wa namna hiyo, ila yenyewe haikungoja siku ya tatu ndipo ilete jembe. Ililileta siku ya kwanza.

Maana pombe isiyoweza kuwekwa haina budi kunywewa, na mtungi mkubwa hauwezi kumalizwa na mtu mmoja na mkewe. Ilikuwa kama mana ya jangwani, iliyooza ilipowekwa mpaka asubuhi. Basi mwenye shamba alipotaka kulimiwa hakuanza kwa jembe, alianza kwa maji ya kulowekea mtama. Habari ilienea kijijini: kwa fulani kimeanikwa kimea. Majirani wakahesabu siku, wakajua lini watakwenda, na siku ile ilipofika walitoka alfajiri na majembe yao, wakalima kwa nyimbo mpaka jua likawa kali, kisha wakaketi pamoja wakanywa. Wakati wa mavuno walifanya vivyo hivyo kwa kupura. Mwenye shamba hakuweza kuiahirisha siku ile, kwa kuwa pombe yake isingemngojea. Majirani nao hawakuweza kusema watakuja juma lijalo. Kuchachuka kwa pombe ndiko kulikokuwa kalenda yao.

Wala tusidhani ya kuwa pombe ile ilikuwa mshahara. Mtu aliyelima kwa jirani leo alijua ya kuwa zamu yake itafika, naye atalimiwa. Hata mjane asiye na mwana mwenye nguvu, kama alikuwa na mtama kidogo ghalani na mikono ya kupika, aliweza kuita majembe mengi kwa asubuhi moja. Tena kazi ya kupika ilikuwa ya wanawake, na heshima yake ilikuwa yao. Mwanamume aweza kuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi katika iwanza, yaani nyumba ya wanaume ya kuzungumzia, lakini asipokuwa na mpishi hodari nyumbani, watu hawakumwitikia upesi.

Yatupasa kusema na upande wa pili, ili tusiwe watu wa kusifu yaliyopita tu. Mwenye ghala kubwa aliweza kuita watu mara nyingi, na mwenye ghala dogo mara moja au asiite kabisa. Hivyo tajiri alizidi kulima na maskini alizidi kuwalimia wengine. Mwaka wa mvua haba, nafaka ambayo ingaliwalisha watoto hata mavuno iliishia katika mitungi. Ugomvi ulizuka palipo na vinywaji, na wake waliumia. Tena pombe ilimwagwa katika matambiko ya mizimu, nayo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya wahubiri wa Injili waitazame kwa jicho kali. Tangu wamisionari wa London Missionary Society walipofungua kituo Urambo katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mirambo, aliyekufa mwaka 1884, na tangu Wamoravian walipokipokea kituo hicho mwaka 1898, neno la pombe halikukoma kuzungumzwa makanisani. Na serikali pia iliingia katika jambo hilo. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kupunguza upishi wa pombe. Nao watemi waliendelea na kazi yao mpaka utawala wao ulipofutwa mwaka 1963.

Je, Ulaya mambo yalikuwaje? Huko nako watu wa kale walikuwa na pombe ya siku chache. Uingereza walitumia shayiri, ile nafaka aliyookota Ruthu katika shamba la Boazi. Waliiloweka, wakaichipusha, wakaikausha, wakapata kimea chao kama sisi tupatavyo chetu. Wapishi walikuwa wanawake vijijini. Mwanamke alipomaliza kupika alisimamisha mti mbele ya nyumba yake kuwa alama, majirani wakaja kununua au kunywa, kwa sababu baada ya siku chache pombe ile nayo ilichachuka. Mama wa Unyamwezi angalifika katika kijiji cha Kiingereza cha miaka 700 iliyopita, asingaliijua lugha yao, lakini kazi ya jikoni angaliijua.

Kilichobadili mambo ni hopsi. Huu ni mmea utambaao, wenye shina jembamba lijizungushalo mtini au kambani, nao hupanda juu hata mita 6 na zaidi. Kila mwaka hufa juu ya ardhi na kuchipua tena katika mzizi ule ule. Mmea wa kike huzaa vikonyo vya majani membamba yaliyopangana kama magamba, na ndani yake mna unga wa manjano, mchungu sana. Vikonyo hivyo vikipikwa pamoja na maji ya kimea, uchungu wake huwazuia wengi katika wale viumbe wadogo watiao siki, lakini hamira haudhuru. Kwa hiyo pombe huendelea kuwa pombe, wala haigeuki siki upesi.

Mmea huu umetajwa katika maandiko ya watawa wa zamani. Abate Adalhard wa Corbie, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, alitaja hopsi mwaka 822. Mtawa wa kike Hildegard wa Bingen, Ujerumani, aliyekufa mwaka 1179, aliandika ya kuwa uchungu wake huzuia vinywaji visioze. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa amri ya kwamba bia ifanywe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Miji ya bandari kama Bremen na Hamburg ilikuwa imekwisha kuona faida yake zamani: bia yenye hopsi iliweza kutiwa katika mapipa, ikapakiwa merikebuni, ikauzwa ng'ambo. Uingereza ilienea hasa katika miaka ya 1400. Na baadaye, mwaka 1876, Mfaransa Louis Pasteur alipotoa kitabu chake juu ya magonjwa ya bia, watu walifahamu vizuri kazi ya wale viumbe wadogo, wakajifunza kuipasha moto bia iliyokwisha kutiwa katika chupa ili ikae zaidi.

Sasa tuangalie yaliyofuata, maana hapa ndipo penye fundisho kwetu. Pombe ilipoweza kukaa, iliweza pia kungoja. Ilipoweza kungoja, iliweza kusafiri. Ilipoweza kusafiri, mtu mwenye fedha aliona faida ya kupika mitungi mingi mahali pamoja na kuipeleka mbali. Akahitaji vyombo vikubwa, na maghala, na mikopo. Na vitu hivyo vilikuwa mikononi mwa wanaume wa mijini. Pole pole wanawake wa vijijini wakaondolewa katika kazi waliyoifanya tangu mababu. Hakuna aliyetoa amri ya kuwafukuza. Kikonyo kidogo cha mmea mchungu kilitosha.

Huenda msomaji mmoja akasema: Kama ni hivyo, na tupande hopsi nyuma ya nyumba zetu, tuitie katika pombe ya mtama, nasi tuweke akiba. Ni kweli ya kuwa katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu waipandayo ukutani mwa nyumba zao, wakapikia bia yao wenyewe. Lakini jua la kwetu halikubali. Hopsi huhesabu urefu wa mchana. Katika Bavaria mchana wa kiangazi hupata saa 16, na wa wakati wa baridi saa 8 tu. Mmea hurefuka sana wakati mchana ulipo mrefu, na mchana ukianza kupungua huzaa vikonyo vingi. Kaliua iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na hapa tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki hata saa 1. Hopsi ikipandwa kwetu huzaa kabla haijakua, na mavuno yake huwa haba. Hata Afrika ya Kusini, katika nchi za George, ambako ni nyuzi 34 kusini, wakulima walilazimika kuwasha taa mashambani usiku ili kuudanganya mmea, mpaka zilipopatikana mbegu zilizozoea mchana wa huko.

Basi uwezo wa kuiweka bia ulitujia kutoka mbali, nao ulikuja kwa reli. Reli ya Wajeremani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita hapa Kaliua. Kampuni ya kupika bia ilianzishwa Nairobi mwaka 1922, na kiwanda kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1933. Baadaye shayiri ilianza kulimwa katika nchi yetu, hasa katika nchi za juu za kaskazini, lakini hopsi imebaki kitu cha kununuliwa ng'ambo. Katika mwaka 1947 ulianza mpango wa karanga huko Urambo, vijana wengi wakapokea mshahara wa fedha. Na ingawa mpango ule ulikwisha mwaka 1951, tumbaku ilifuata, nayo yalimwa mpaka leo Urambo na Kaliua. Mwaka 1950 reli ya kwenda Mpanda ilifunguliwa kutoka hapa hapa Kaliua. Fedha na chupa zilikutana stesheni.

Tangu hapo pombe mbili zimekaa katika nchi moja. Moja ina siku zake, na nyingine haina. Mwenye mtungi huwahitaji majirani leo, la sivyo atamwaga. Mwenye kreti ya chupa hamhitaji mtu. Aweza kuifungia sandukuni, akanywa peke yake mwezi ujao. Hali kadhalika shamba. Mwenye fedha za tumbaku huajiri vibarua, akawalipa jioni, wakaachana bila deni. Jambo hilo si dhambi, na vibarua wengi hupata riziki kwa njia hiyo. Lakini yule mjane tuliyemtaja, asiye na tumbaku wala fedha, ataita watu kwa kitu gani?

Hapa twataka kusema na wazee wa makanisa kwa heshima. Wahubiri walipokataza pombe walikuwa na sababu, nasi tuliokua katika nyumba za Kikristo twajua machozi yaliyokauka kwa sababu ya katazo hilo. Lakini ndani ya mtungi mlikuwa na vitu viwili: ulevi, na mwaliko. Tulipouvunja mtungi ili kumwaga ulevi, mara nyingi tuliumwaga na mwaliko pia. Mkristo akawa na jembe lake peke yake. Tena mama aliyepata ada ya shule ya watoto wake kwa kuuza pombe aliambiwa aache, wala hakuambiwa ashike nini. Wengine waliacha wakawa maskini zaidi. Wengine walijificha, wakaingia katika gongo, ambalo ni baya kuliko pombe ya mtama mara nyingi.

Kwa maoni yetu, kitu kilichostahili kuhifadhiwa hakikuwa pombe, bali ile siku. Na dawa ya kuihifadhi imo katika kimea kile kile. Kimea kikitiwa katika uji, nao ukanywewa kabla haujachachuka, ndiyo togwa, kinywaji kitamu kisicholevya, kinachotia nguvu mikononi mwa mlimaji. Nayo togwa haikai. Haina hopsi wala chupa, yataka watu wa kuinywa siku ile ile. Zaidi ya hayo, wataalamu wa chakula wa Tanzania walionyesha katika miaka ya 1980 ya kuwa kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito wa mtoto huulainisha, hata mtoto mdogo aweza kunywa chakula kingi cha kutosha kwa tumbo lake dogo. Basi maarifa ya bibi zetu hayana haja ya kuzikwa. Mama aliyejua kuchipusha mtama kwa ajili ya walevi ajua pia kuuchipusha kwa ajili ya walimaji na watoto wachanga.

Mvua za kwanza zikikaribia, na kila kanisa dogo, na kila mtaa, waulizane mapema: shamba la nani halina mikono mwaka huu? Kisha mtama ulowekwe, siku ihesabiwe, na watu watoke alfajiri kama walivyotoka babu zao. Waimbe wapendavyo. Wakimaliza waketi kivulini, mtungi wa togwa uletwe, na usibakizwe mpaka siku ya tatu.